Shukrani Iliyorudisha Mali ya Wizi

Muumini anaposimama kanisani, akasema "Bwana Yesu asifiwe", kisha akasimulia alivyopona ugonjwa au mwanawe alivyofaulu mtihani, wengi wetu hudhani desturi hiyo ililetwa na wamisionari wa kwanza. Kwa sehemu kubwa, sivyo. Katika makanisa ya Kianglikana na Kilutheri wamisionari walileta shukrani iliyokwisha kupangwa: sala za kitabuni, zaburi, sikukuu ya mavuno, na msemaji alikuwa mchungaji. Mlei kunyanyuka na kueleza kwa kinywa chake alichotendewa na Mungu wiki hii ni jambo lililoenea kwetu kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930. Nalo lilikuja na sharti ambalo tumelitupa njiani.

Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakaomba na kusoma Biblia pamoja. Church alikuwa ametoka hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, eneo lililokuwa limepigwa na njaa kali. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda kufanya kazi huko Gahini, na humo miongoni mwa wauguzi, walimu na wainjilisti moto ukashika. Mwaka 1935 ulifika Kabale nchini Uganda, 1937 Kabete nchini Kenya, na kabla muongo haujaisha ulikuwa umeingia Bukoba, Tanganyika. Walioubeba hawakuwa maaskofu. Katika mikutano yao ya ushirika mtu alisimama, akataja dhambi iliyokuwa imemfunga, akamshukuru Yesu kwa kumsamehe, na kabla hajakaa wenzake walikuwa wamekwisha kuanza "Tukutendereza", wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Mke alisema mbele ya mumewe, mpishi mbele ya mmisionari aliyemwajiri, na mmisionari naye alitakiwa kutubu hadharani kama wengine. Kwa jamii ya kikoloni, ambamo kila mtu alijua mahali pake pa kukaa, hilo halikuwa jambo dogo.

Sharti lenyewe ni hili: aliyeshukuru kwa kusamehewa alipaswa kusema amesamehewa nini, na kama ni mali ya mtu, airudishe. Walokole, yaani "waliookoka", kama wafuasi wa Uamsho walivyoitwa, walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na majirani, wakalipa madeni ya zamani. Shukrani ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyowafanya watu waiamini. Ilionekana wazi zaidi huko Kenya wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni, baada ya 1952: ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kilichohusisha damu, wakisema waliokwisha kuishukuru damu ya Kristo hawawezi kujifunga kwa damu nyingine. Baadhi yao waliuawa.

Wapo waliopinga tangu mwanzo, na si wote walikuwa wakaidi. Wazee waliona ni aibu mambo ya chumbani kumwagwa barazani, hasa pale toba ya mmoja ilipomfichua mwingine ambaye hakuomba kufichuliwa. Hoja hiyo ina uzito, nami sioni jibu lililokamilika kwake. Wakuu wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, waliona vurugu na kiburi. Mwaka 1941 wakawafukuza wanafunzi waliofuata Uamsho, akiwemo William Nagenda, kiongozi wake wa baadaye. Kiburi kilikuwepo kweli, maana anayejihesabu ameokoka huwa mwepesi wa kumpima jirani yake. Wengine watasema ushuhuda wenyewe ni mbegu ya Kiingereza iliyotoka Keswick, kwenye mikutano ya kiroho ya Uingereza. Mafundisho ya Keswick yaliwafikia watu wa Uamsho, ndiyo. Lakini mmisionari peke yake asingeweza kuueneza kutoka Rwanda hadi Kenya. Waliotembea kijiji kwa kijiji ni Waafrika, na wakati mwingine dhidi ya matakwa ya misheni.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka katika Injili yenyewe. Yule mkoma mmoja kati ya kumi, katika Luka 17, alirudi kushukuru kwa kuponywa tu, wala Yesu hakumdai toba ya wizi. Basi kwa nini tumsumbue anayeshukuru kwa gari jipya au kwa kazi aliyoipata? Asisumbuliwe. Ila Luka huyohuyo, sura mbili mbele, anamweka Zakayo, ambaye furaha yake ilipimwa kwa kulipa mara nne. Uamsho uliwashika wote wawili. Sisi tumebaki na mkoma peke yake, na ndiyo maana mtu anaweza kutoa sadaka ya shukrani kubwa Jumapili huku kibarua wake hajalipwa tangu mwezi uliopita, na kanisa zima likapiga makofi. Wachungaji, kabla hamjampa mtu kipaza sauti, muulizeni kama kuna anayemdai.