Neno "Ada" na Malipo ya Elimu

Hapana mzazi asiyelijua neno ada. Kwa Mtanzania wa leo maana yake ya kwanza ni fedha ya shule, ambayo jirani yake wa Kenya huiita karo. Lakini maana hiyo ni ya baadaye. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni desturi au mazoea. Asili yake ni shina lenye maana ya kurudi: ada ni jambo lililorudiwa hata likazoewa. Wanakamusi wa Kiarabu huliweka neno idi katika shina lilo hilo, kwani sikukuu nayo hurudi kila mwaka.

Basi desturi iligeukaje kuwa malipo? Jibu limo katika maisha ya pwani. Huko kazi kubwa aliyotendewa mtu ilikuwa na zawadi yake iliyojulikana. Katika ndoa palikuwa na mkaja wa mama wa bibi arusi na kilemba cha baba yake. Chuoni, mtoto alipohitimu Kurani, mwalimu naye alipewa kilemba. Na fundi vivyo hivyo, mwanagenzi wake alipokwisha kujifunza kazi. Si lazima kilemba hicho kiwe nguo. Hata fedha iliitwa kwa jina hilo. Zawadi za namna hii ndizo zilizoitwa ada, yaani zilizopasa kutolewa kwa desturi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, yazitaja maana zote mbili.

Ada ya namna hii haikuwa bei. Bei huishia sokoni: ukiisha kulipa, mmemalizana. Kilemba kilitolewa baada ya elimu kupatikana, na heshima kati ya mwalimu na mwanafunzi ikabaki. Shule ya serikali ililichukua jina na kuiacha desturi. Kiasi kilipangwa ofisini, fedha ikatakiwa kabla ya somo, na aliyeikosa aliweza kurudishwa nyumbani.

Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1973, lakini malipo yakarudi katika miaka ya 1980. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Sare na madaftari yalibaki juu ya mzazi.

Hapo ndipo maana ya neno inapokuwa na uzito. Watu husema "elimu bila malipo" na "elimu bila ada" kana kwamba ni mamoja. Sivyo. Ada ni sehemu moja tu ya malipo. Asemaye "bila ada" asema kweli. Asemaye "bila malipo" yampasa kumweleza mzazi ni nani atakayenunua daftari.