Kitenzi kustaarabu na safari yake hadi Kigali

Huenda umewahi kuandika kwamba raia mwema sharti astaarabike. Je, umekichungua kitenzi hicho? Asili yake ni neno la Kiarabu, istaaraba, yaani kuwa kama Mwarabu kwa lugha na mwenendo. Watu wa pwani walilitohoa likawa kustaarabu, nalo, kama vile kujibu na kusamehe, halibadili irabu ya mwisho: astaarabu, hastaarabu. Umbo hilo limechakaa. Leo twasema kustaarabika, hastaarabiki, na mwenye adabu twamwita mstaarabu.

Kinyume chake kilikuwa mshenzi, jina ambalo mtu wa pwani alimpa mtu wa bara, na hapo ndipo penye uchungu. Wajerumani walipotawala Rwanda, na Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, Kiswahili kilikuja vinywani mwa askari na wafanyabiashara. Kwa kipimo cha kitenzi hicho cha kale, wenyeji wa vilima hivi vya Muhima, waliokuwa na mwami wao, sheria zao na adabu zao, walihesabiwa washenzi kwa sababu tu bahari ilikuwa mbali.

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi, basi kitenzi hiki ni chetu pia. Nami nakitumia bila haya, kwa maana ya utu na heshima. Ila mshenzi simwiti mtu, hata yule dereva wa pikipiki anayepita taa nyekundu pale Nyabugogo.