Landrova ya Mpanda: Kadi Inasema Hili, Bati Linasema Lile

Gari likiuzwa Makanyagio, hapa Mpanda, maswali ya mwanzo huwa ya injini. Inakula oili? Gia ya tatu inaruka? Difu inalia? Jina la mwenye gari huulizwa mwishoni, hela ikiwa imeshatoka mfukoni, na mara nyingi jibu ni lilelile: kadi bado ina jina la mtu wa nyuma, lakini usihofu, mkataba upo. Kwa Toyota IST iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam miaka michache iliyopita, hilo linamalizwa TRA bila kelele. Kwa Landrova iliyoundwa mwaka 1965, mtu wa nyuma ana wa nyuma yake, na huyo naye ana wake. Ukiendelea kuwafuata unakuta hufuatilii watu tena. Unafuatilia mgodi, wizara, miradi na mashirika, maana kwa miaka mingi upande huu wa magharibi ya nchi gari lilikuwa chombo cha ofisi, na mtu alilishika kwa zamu tu.

Moshi au Arusha mambo yalikuwa mengine. Huko mkulima wa kahawa aliyepata msimu mzuri aliweza kuingia dukani akatoka na gari lenye jina lake. Mpanda haikuwa na kahawa. Ilikuwa na miti ya miombo, mbung'o, na madini ya risasi ardhini.

Madini hayo ndiyo yaliyoujenga mji. Mgodi wa Mukwamba, chini ya kampuni ya Uruwira Minerals, ulichimba risasi pamoja na fedha, shaba na dhahabu, na kwa ajili yake serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 za pori, lililofunguliwa mwaka 1950. Landrova yenyewe ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa hiyo gari hili na reli ya Mpanda ni wa rika moja, na kwa muda mrefu chochote kizito kilichofika Mpanda, gari likiwamo, kilikuwa na njia moja ya uhakika, nayo ni behewa.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mgodi ukifungwa, mashimo hubaki na vya magurudumu huondoka: vingine huhamishwa, vingine huuzwa hapohapo kwa aliye karibu na mwenye fedha. Na aliye karibu, katika wilaya kama hii, alikuwa serikali, misheni, au mfanyabiashara mmoja mmoja wa mjini. Wamisionari walikuwa wa zamani kuliko wote. White Fathers walikuwa Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885, na mtu anayetoka Mpanda kwenda Karema kabla ya barabara kuchongwa vizuri alihitaji gari lenye gia ya nguvu ya magurudumu manne au miguu yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye bati. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, hivyo kampuni ya Rover ikaunda bodi ya gari lake jipya kwa aloi ya alumini, na chesi ikabaki ya chuma. Uamuzi huo wa dhiki ndio unaomsaidia mtafiti wa leo. Alumini haiozi kama bati la kawaida, na fundi wa gereji ya kichochoroni hana sababu ya kuikwangua hadi mwisho kabla ya kupuliza rangi mpya. Anapitisha msasa juujuu, anapuliza, gari linatoka. Rangi zinalala moja juu ya nyingine kwa miaka hamsini. Fungua mlango wa mbele, angalia pale nyuma ya bawaba ambako msasa haufiki, au inua kiti utazame boksi lililo chini yake. Kijani kilichokolea, juu yake kijivu, juu yake nyeupe, juu yake bluu ya mtu aliyenunua rangi iliyokuwapo dukani siku ile. Wakati mwingine mwanga ukipiga mlango kwa ubavu, herufi za zamani zinajichora chini ya rangi, kwa sababu rangi ya maandishi ina unene wake na mpulizaji hakuuondoa.

Hiyo nyeupe, Mpanda, ina habari yake. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalisukuma makumi ya maelfu ya watu kuingia Tanzania, na wilaya ya Mpanda ikapewa mbili kati ya makazi makubwa yaliyofunguliwa kwa ajili yao: Katumba mwanzoni mwa muongo ule, kisha Mishamo mwaka 1978. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitoa fedha, na shirika la Kikristo la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, likawa mtendaji: kuchonga barabara, kuchimba visima, kujenga shule na zahanati. Kazi hiyo haifanyiki kwa baiskeli. Magari meupe ya mradi yakaingia. Makazi yalipokabidhiwa kwa serikali, karatasi za makabidhiano zikawa ndiyo kiungo cha umiliki: gari linatoka kwenye mradi linaingia kwenye idara, bila mtu kununua wala kuuza. Anayetafuta risiti ya mauzo ya kipindi hicho anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Kisha kuna namba za usajili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Uingereza namba kwa kawaida hukaa na gari tangu siku ya kwanza. Landrova iitwayo Oxford, moja ya mbili zilizosafiri kutoka London hadi Singapore mwaka 1955 na 1956, iliishia kisiwani St Helena ikiwa mkangafu; iliporudishwa Uingereza mwaka 2017 ilikuwa bado inatambulika kwa namba yake, SNX 891, na mwaka 2019 ikafanya safari ile kwa kurudi, Singapore hadi London. Kwetu namba ni vazi. Ukikuta picha ya zamani ya gari lenye namba ya herufi DS, lilisajiliwa Dar es Salaam. Baadaye zikaja namba za TZ. Miaka ya mwanzo ya 2000 magari ya raia yakaanza kuvishwa mtindo tunaoujua sasa: T, tarakimu tatu, herufi tatu, bati la njano kwa gari binafsi na jeupe kwa la biashara. Kabla na baada ya hapo kuna ST za serikali, SU za mashirika ya umma, SM za serikali za mitaa, DFP za miradi ya wafadhili. Gari moja linaweza kuvaa nne au tano kati ya hizo maishani mwake, na kila likivuliwa moja, mtu aliyekuwa akilifahamu kwa namba ile hulipoteza.

Kuna utata mwingine ambao ni wa Mpanda hasa. Gari limekaa palepale, mkoa ndio uliohama. Wakati wa ukoloni Mpanda ilikuwa chini ya Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Baada ya Uhuru ikawa wilaya ya Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikakatwa kutoka Tabora ikaunganishwa na Sumbawanga. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi, na Mpanda ikawa makao makuu. Kwa hiyo jalada la gari la idara ya maji, tuseme, linaweza kuwa lilifunguliwa Tabora, likaendelezwa Sumbawanga, likafungwa Mpanda. Mtu anayekwenda masijala moja akaambiwa hakuna, akaamini, amekata tamaa theluthi ya njia.

Ongeza juu ya hayo misukosuko ya nchi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mali zao zikaenda kwa mamlaka za mazao, na vyama vilipofufuliwa mwaka 1982 si kila gurudumu lilirudi nyumbani. Vita ya Kagera, 1978 na 1979, ilichukua malori na mabasi ya raia na mashirika kwenda mbele. Mengine hayakurudi, mengine yalirudi si yale. Halafu ikaja miaka ya uhaba, gari binafsi likikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta, na spea ikipatikana kwa kibali. Ni kipindi kile ambapo Landrova mbili zilifanywa moja: bodi ya hii, chesi ya ile, giaboksi ya iliyopinduka Inyonga. Ukiuliza gari kama hilo lilikuwa la nani, jibu la kweli ni swali: nusu ipi?

Ndiyo maana fundi anayejua kazi ataanzia kwenye chesi. Kwenye Landrova za Series II na III namba imegongwa kwenye chuma upande wa kulia mbele, pale masikio ya chesi yanaposhika springi. Kinachotakiwa ni tochi, brashi ya waya, kitambaa chenye mafuta ya taa, na subira ya kulala chali kwenye vumbi, maana tope la miaka linaganda humo kama saruji. Usiridhike na kibao kidogo kilichofungwa ndani ya gari; kibao hung'olewa kwa bisibisi na kupelekwa kwenye gari jingine. Namba ikitokea, weka karatasi juu yake upitishe penseli, zijichore.

Tarakimu tatu za mwanzo zinasema mengi. Kwenye Series IIA, 252 maana yake ni gari refu, lile la inchi 109, la petroli, usukani kulia, lililoundwa kuuzwa nje ya Uingereza. Ikiwa 253, lilisafirishwa vipandevipande likaungwa mbali na kiwandani. Herufi ya mwisho inaonesha matoleo yaliyofuatana. Kuanzia mwishoni mwa 1979 mtindo ukabadilika, namba ikawa ndefu na kuanza na herufi.

Ukishaipata, kuna mahali pa kuipeleka. Makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, yanatunza madaftari ya kiwanda, na kwa ada hutoa cheti kinachosema gari lilikamilika lini, lilikuwa na rangi gani, liliondoka kiwandani tarehe ipi na lilipelekwa wapi. Jina la mnunuzi wa kwanza kwa kawaida halimo. Utapata wakala au bandari. Lakini ukishajua kwamba gari lilitoka likiwa kijani na kupelekwa Dar es Salaam, ile rangi ya kwanza uliyoikuta nyuma ya bawaba inapata shahidi.

Linganisha na Rolls-Royce iliyoko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ilitumiwa na utawala wa Waingereza, kisha na Mwalimu Nyerere, kisha ikaingizwa makumbusho. Historia ya umiliki inakwisha kwa pumzi moja. Mimi naiona haina ladha. Gari la mkubwa huandikwa hata likisimama. Landrova iliyobeba chanjo, mahindi, maiti na bwana harusi kati ya Mpanda na Sitalike haikuandikwa na mtu, na ndiyo yenye mambo.

Kwa mnunuzi wa leo, ugumu mkubwa uko kwenye kiungo cha karibuni, si cha mbali. Gari chakavu la umma huuzwa kwa mnada, na mshindi hupewa barua na stakabadhi. Akifanya haraka anabadilisha kadi. Asipofanya, anauza na barua ileile, na anayenunua naye anauza, kila mmoja akiongeza mkataba wa karatasi moja ulioshuhudiwa na wakili au mwenyekiti wa mtaa. Zamani kulikuwa na sababu ya kukwepa: ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilijilimbikiza, na aliyekwenda kubadilisha jina ndiye aliyekutana na deni la wote waliomtangulia. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, ikafidiwa kwa shilingi 40 za ziada katika kila lita ya mafuta. Kisingizio kikafa, mazoea yakabaki. Na mwenye jina kwenye kadi akiwa amefariki, lazima apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hivyo gari la kubebea kuni linaitisha kikao cha ukoo. Ikiwa jina ni la shirika la umma lililobinafsishwa au kufutwa miaka ya tisini, safari inaweza kufika hadi Ofisi ya Msajili wa Hazina.

Hapo sijagusa injini. Landrova nyingi zinazotembea mikoani hazina tena injini zilizotoka nazo. Utakuta dizeli ya Toyota imekaa mahali pa petroli ya Kiingereza, imeshikwa na vyuma vilivyochomelewa hapahapa. Kisheria badiliko hilo linapaswa kuripotiwa na namba mpya kuingia kwenye kadi. Mkusanyaji wa Ulaya, anayetaka namba za injini na chesi zioane kama zilivyotoka kiwandani, atalishusha bei papo hapo. Mimi namuuliza fundi aliyeifunga hiyo Toyota: ilifungwa mwaka gani, na nani alilipa? Huyo aliyelipa, kadi iwe na jina lake au isiwe nalo, ni mmoja wa wenye gari, na kwa kawaida bado anaishi mtaa wa pili.