Kuku wa kuoka na kachumbari: anza na kachumbari

Wengi wetu tunaanza na kuku. Leo geuza. Kuku mbichi anaweza kubeba bakteria kama salmonela, na kachumbari haipiti motoni. Ukikata nyanya kwa kisu na ubao uliomkatia kuku, nyumba nzima inaweza kuharisha.

Mahitaji (watu 4)
Kuku wa kisasa wa kilo 1.5, ndimu 2, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, chumvi, mafuta vijiko 2, nyanya 3, kitunguu maji 1, tango 1.

Jinsi ya kuandaa
1. Katakata nyanya, tango na kitunguu. Kitunguu kioshe kwa chumvi kipungue ukali. Funika, weka pembeni. Ndimu bado, usije ukala maji matupu.
2. Usimuoshe kuku bombani, maji yatarusha bakteria jikoni. Mfute kwa tishu, mpake viungo, mafuta na ndimu 1. Kisha nawa kwa sabuni.
3. Muoke kwenye oveni yenye moto wa nyuzi 200, dakika 70 hadi 80. Mmwagie mchuzi wake mara mbili.
4. Toboa paja karibu na mfupa. Maji yakiwa na wekundu, mrudishe. Kama una kipimajoto, kifike nyuzi 74.
5. Mwache dakika 10 ndipo umkate. Sasa kamulia kachumbari ndimu na chumvi.

Una kuku wa kienyeji? Mchemshe kwanza mpaka alainike, la sivyo mtatafuna mpaka kesho.