Jua la Garissa na Hesabu ya Dakika Tatu

Mtu wa Garissa hahitaji kuelezwa jua ni nini. Mchana wa saumu liko juu ya kichwa, na magharibi tunalisubiri lizame. Tangu Disemba 2019 hata umeme tunauchuma kwake, pale kwenye mtambo wa megawati 50 hivi nje ya mji. Lakini je, jua lenyewe linachoma nini? Kuni? Makaa? Swali hili liliwasumbua wataalamu miaka mingi, na kumbe sehemu ya kisa chake imepitia huku kwetu.

Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa. Giza lilipita Aden, ng'ambo tu ya bahari kutoka pwani ya Wasomali, likaendelea hadi Bara Hindi. Mwaka huo mwanga wa jua ulionyesha mstari wa manjano usiolingana na kitu chochote kilichojulikana. Mwingereza Norman Lockyer akasema hii ni elementi mpya, ikaitwa heliamu, kwa neno la Kigiriki la jua. Hapa duniani haikutengwa mpaka 1895.

Kisha akaja Cecilia Payne, msichana aliyekuwa akisoma Harvard. Mwaka 1925 hesabu zake zilionyesha kwamba nyota karibu zote ni haidrojeni na heliamu. Mkubwa wa fani hiyo, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, naye ikabidi aandike kwamba matokeo yake huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe akafikia jibu lile lile. (Dada zetu wa sayansi wasome hapo mara mbili!)

Basi moto wa jua ni huo: viini vinne vya haidrojeni vinaungana kuwa kimoja cha heliamu, na uzito kidogo, kama asilimia 0.7, unageuka nishati.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Heliamu imezidi! Ni kama robo ya uzito wa vitu vyote vinavyoonekana mbinguni, na nyota za kawaida haziwezi kuitoa yote. Fred Hoyle, aliyekataa katakata kwamba ulimwengu una mwanzo, ndiye aliyeandika hivyo pamoja na Roger Tayler mwaka 1964. Ukweli wa hesabu haukumwacha.

Robo hiyo ilitoka wapi? Chukua mfano wa daraja letu la Tana. Katika sekunde ya kwanza ya ulimwengu, protoni zilikuwa zikigeuka nyutroni na nyutroni zikigeuka protoni, kama watu wanaovuka huku na huku, idadi ya kila upande ikijisawazisha kufuatana na joto. Ulimwengu ulipopoa, daraja likafungwa. Zikabaki kama protoni sita kwa kila nyutroni moja. Nyutroni chache zikaendelea kuoza, hata viini vilipoanza kuungana, kama dakika ya tatu hivi, uwiano ulikuwa saba kwa moja. Sasa hesabu: katika chembe 16, protoni ni 14 na nyutroni 2. Nyutroni mbili zinachukua protoni mbili, unapata heliamu moja yenye uzito wa 4. Nne katika 16 ni ngapi? Robo! Mtoto wa shule ya msingi anaipata.

George Gamow na Ralph Alpher mwaka 1948 walitaka chungu hicho kimoja kipike elementi zote. Hakikuweza, kwa kuwa hakuna kiini cha uzito wa 5 wala 8 kinachodumu, basi ngazi inakatika. Chuma na vinginevyo vikaachiwa nyota.

Ushahidi mmoja ulipaa kutoka Ghuba ya Ungwana, humo humo maji ya Tana yanayopita Garissa yanamomwagika. Kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, karibu na Ngomeni, setelaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, na ikaona gesi ya moto mkali ikijaza makundi ya galaksi. Oktoba 1974 Ariel 5 ya Waingereza ikarushwa kutoka hapo hapo, na mwaka 1976 ikakuta alama ya chuma ndani ya gesi ya kundi la Perseus. Maana yake, sehemu ya gesi ile ilishapikwa ndani ya nyota kabla ya kutapakaa huko.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setelaiti ya mwisho kurushwa kutoka San Marco iliondoka Machi 1988.