Utapeli wa simu wa fedha za serikali

Utapeli wa simu wa fedha za serikali ni wizi ambao mhalifu hupiga simu au kutuma ujumbe akijidai afisa wa umma, akaahidi msaada, mkopo au malimbikizo, kisha akadai “ada ya usajili” au namba ya siri.

Nchini Kenya ulipata mwanya baada ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, kuanzishwa mwaka 2007. Chambo chake ni mipango halisi: Inua Jamii, inayolipa wazee na wahitaji wengine shilingi 2,000 kwa mwezi, na Hustler Fund, mfuko wa mikopo uliozinduliwa Novemba 2022. Kwa mfano, Biliqo, makazi ya wafugaji kaskazini mwa Kaunti ya Isiolo, iko katika eneo linalofikiwa pia na mpango wa fedha taslimu dhidi ya njaa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Mahali ambapo ruzuku inatarajiwa kweli, uongo huaminika upesi.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni kutakiwa kulipa ili ulipwe, kwani usajili wa Inua Jamii ni bure. Haraka, vitisho vya kufutwa orodhani na kuombwa PIN ni dalili nyingine.

Mteja wa kampuni ya simu ya Safaricom hutuma namba ya tapeli kwa 333 bila malipo; aliyekwisha kutuma pesa hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba zirudishwe, kabla hazijatolewa. Kesi hupelekwa polisi chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Chifu anaweza kuthibitisha iwapo malipo yametangazwa.