Laptop haiwaki? Usikubali haraka kuwa "madabodi imekufa"

Umeme umekatika, umerudi, na laptop imegoma kuwaka. Umeipeleka kwa fundi hapo Nyamisangura, mjini Tarime. Anaifungua, anatikisa kichwa: "Madabodi imekufa, tafuta nyingine."

Subiri kwanza. Inawezekana kabisa kwamba kilichokufa ni kipande kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, na kinabadilishika.

Vipande gani hivyo?

Ni vile vinavyobandikwa juu ya bodi: kapasita, rezista, fyuzi na mosfeti. Saizi inayoitwa 0402 ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita tu. Kapasita ya kauri ikipata ufa, mfano laptop ikianguka, inaweza kupiga shoti. Hapo mashine nzima inakuwa kama jiwe.

Fundi anavyokitambua

1. Anatoa chaja na betri kabla ya kugusa chochote.

2. Anaangalia kwa lenzi: weusi wa kuungua, ufa, au kutu pale chai ilipomwagika.

3. Anapima ohmu kati ya njia kuu ya umeme, mara nyingi volti 19, na ethi. Ikisoma karibu na 0, kuna shoti. Ila mita kulia tu siyo ushahidi. Njia ya prosesa huwa na ohmu chache sana hata ikiwa nzima, na mita italia. Hapa ndipo bodi nzima huhukumiwa bure.

4. Kapasita za njia moja zimeungana, kwa hiyo zote zitaonekana zina shoti. Kumpata mkosaji, fundi anapitisha umeme mdogo, kama volti 1, kisha anapaka alkoholi. Panapokauka kwanza ndipo penye joto, na kwa kawaida ndipo penye shoti.

Kubadilisha

Rezista yenye namba 103 ni ohmu 10,000. Kapasita ndogo za kauri haziandikwi kitu, hivyo thamani yake inatafutwa kwenye mchoro wa saketi au bodi chakavu ya aina ileile. Kwa njia ya volti 19, iwe ya volti 25 au zaidi.

Kipande kinatolewa kwa fluksi, hewa moto na kibano. Lehemu ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati ile ya 63/37 yenye risasi ni 183. Soketi za plastiki zilizo jirani zikingwe, la sivyo zitayeyuka.

Kikishatoka, apime tena kabla ya kuweka kipya. Shoti ikiisha, mkosaji kapatikana. Na fyuzi isiunganishwe kwa waya: kuna kitu kiliikata, na safari ijayo kitakachoungua ni bodi yenyewe.

Muulize fundi hivi

"Umepima njia ipi, na imesoma ohmu ngapi?" Fundi aliyepima atakujibu bila shida. Kama ni prosesa yenyewe iliyopiga shoti, au bodi imeungua tabaka za ndani, basi kweli gharama inaweza kukushinda.

Hata hapo usiiache laptop dukani. Kama diski yake inachomoleka, kazi zako bado zimo ndani.